Stroka ya 2.2 au ya 2.3 kwa Evo VIII ya barabarani? Jibu kwa msomaji wa Nakuru

Swali: "Habari fundi. Nina Mitsubishi Lancer Evolution VIII (Evo VIII) GSR, gia sita, injini 4G63 ya lita 2.0. Imenoki konrodi ya silinda ya tatu, yaani beringi ya chuma kinachounganisha pistoni na kranki imekufa na inagonga, na kranki imekwaruzika vibaya. Kwa kuwa lazima nishushe injini, nataka niweke seti ya stroka, yaani kranki ya pigo refu zaidi (pistoni isafiri mbali zaidi juu na chini) na konrodi na pistoni zake, ili ujazo wa injini uongezeke. Gari ni la kila siku hapa Nakuru, na wikendi nyingi naenda Nairobi. Lengo langu ni nguvu za farasi 400. Fundi mmoja amenishauri nitafute kranki ya mtumba ya 4G64, injini ndugu iliyo kubwa zaidi, Kirinyaga Road jijini Nairobi nijenge lita 2.3 kwa bei nafuu. Rafiki yangu anasema ninunue seti kamili ya 2.2. Mwingine anasema stroka ni kupoteza pesa, nibaki na 2.0. Nimsikilize nani?"

Ndugu yangu, pole kwa injini. Nianze na msimamo wangu ndipo nieleze: kwa gari hilo, kwa barabara hizo na kwa giaboksi hiyo, ningejenga 2.2 kwa kranki mpya ya pigo la milimita 94, konrodi za urefu wa kiwandani na pistoni za kufua, yaani zilizogandamizwa kwa nguvu badala ya kumiminwa. Anayekwambia ubaki na 2.0 hajakosea, na nitasema ni wakati gani ningemfuata. Aliyekutuma ukatafute kranki ya mtumba ndiye ninayekuomba usimfuate haraka.

Tuondoe kwanza jambo moja linalowachanganya wengi. Farasi 400 hazihitaji stroka. 4G63 ya lita 2.0 yenye pistoni na konrodi imara, turbo iliyozidi kidogo ile ya kiwandani, nozeli za kutosha za kunyunyizia petroli na tyuning ya uangalifu (kurekebisha kompyuta ya injini) hufika hapo bila shida. Kilele cha nguvu cha injini ya turbo kinaamuliwa na hewa ambayo turbo, hedi na kemshafti zinaweza kupitisha kwa dakika moja, pamoja na petroli inayoweza kustahimili mgandamizo huo. Ukirefusha pigo bila kugusa vitu hivyo, injini inafikia kikomo kile kile cha hewa ikiwa mizunguko ya chini zaidi kwa dakika. Kilele kinasogea chini, na hesabu ya farasi inabaki karibu pale pale.

Unachonunua unaponunua stroka ni torki, yaani nguvu ya kusokota, kwenye mizunguko ya chini na ya kati. Turbo inaamka mizunguko mia kadhaa mapema. Gari linavuta ukiwa 3,000, na hulazimiki kushusha gia mbili kila unapotaka kulipita lori. Kwa gari la mashindano linaloishi juu ya 5,500 muda wote, hilo lina thamani ndogo. Kwa gari la kila siku ni jambo kubwa.

Na kwako wewe ni kubwa zaidi kwa sababu ya mahali unapoishi. Nakuru iko kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa huko ni kama asilimia 80 ya lile la Mombasa. Turbo ikishaamka inaweza kuziba pengo hilo kwa kuzunguka kwa kasi zaidi. Kabla haijaamka, injini inategemea hewa iliyopo tu, na hapo lita 2.0 zako zinapumua kama lita 1.6 za pwani. Mwenye Evo hiyo hiyo Nyali, Mombasa, atakwambia ni nyepesi tangu unapogusa pedeli, na wewe huku utashangaa anazungumzia gari gani. Kwa hesabu hiyo hiyo, 2.2 inapumua Nakuru kama 1.75, na 2.3 kama 1.85. Ndiyo maana simwambii mtu wa bara kwamba stroka ni kupoteza pesa. Ukipanda kutoka Naivasha kuelekea Kinungi ukiwa gia ya nne nyuma ya trela, tofauti hiyo utaihisi mgongoni.

Sasa tuje kwenye vipimo vyenyewe, maana hapa ndipo uchaguzi unapofanyika. 4G63 ya kiwandani ina kipenyo cha silinda cha milimita 85 na pigo la 88, ujazo wa 1,997 cc. Ukichonga silinda hadi 85.5 na kuweka kranki ya 94 unapata karibu 2,160 cc, nyongeza ya asilimia 8. Kwa kranki ya 100, ambalo ndilo pigo la 4G64, unapata karibu 2,300 cc, nyongeza ya asilimia 15. Ufundi wa kuazima kranki ya ndugu mkubwa ni wa zamani. Wamarekani walijenga Chevrolet 383 (namba hizi ni ujazo kwa inchi za ujazo) kwa kuchukua kranki ya injini ya 400, wakazichonga meni zake, yaani shingo kuu zinazokaa kwenye bloku, ili ziingie kwenye bloku ya 350, na pigo likatoka milimita 88.4 hadi 95.25. Bloku ile ina nafasi ya kutosha, ndiyo maana mchanganyiko huo ukawa maarufu. Bloku ya 4G63 haina ukarimu kama huo.

Kutoka katikati ya kranki hadi uso wa juu wa bloku yako ni milimita 229, na lazima ndani yake ziingie nusu ya pigo, konrodi, na kimo cha pistoni kutoka katikati ya pini hadi kichwani. Kiwandani ni 44 na 150 na 35. Ukiweka kranki ya 94 na kubakiza konrodi ya 150, pistoni inabaki na milimita 32. Ukiweka ya 100 na konrodi ile ile, pistoni inabaki na 29. Milimita tatu zinaonekana si kitu, lakini chukua pistoni mbili hizo mkononi utaona. Kwenye ile ya 29, tundu la pini limepanda hadi linakaribia, na mara nyingine linakata, mfereji wa ringi ya oili, kiasi kwamba watengenezaji huongeza kiringi chembamba cha kuibeba ringi hiyo pale ilipokosa chuma chini yake. Pistoni fupi pia huyumba zaidi ndani ya silinda, hasa asubuhi ikiwa baridi. Nimeziona injini za namna hiyo zikikaa vizuri miaka mingi, lakini kwa gari linalowashwa kila alfajiri na kupelekwa kazini, pistoni yenye 32 inanipa usingizi mzuri zaidi. Usinunue seti ya 94 yenye konrodi ndefu ya 153 ukidhani ni bora kwa sababu ni ndefu. Inakurudisha kwenye pistoni ya 29.

Halafu kuna mwinamo wa konrodi. Kwenye 2.0 konrodi inalala kwa nyuzi 17 katika hali yake mbaya kabisa. Kwenye 94 inakuwa zaidi kidogo ya 18, na kwenye 100 inafika 19 na nusu. Kadiri inavyolala ndivyo inavyoisukuma pistoni ubavuni mwa silinda. Watu hubishana sana juu ya uwiano huu wa urefu wa konrodi kwa pigo. Mimi nauchukulia kama jambo la uchakavu na makelele, wala si kigezo cha kwanza.

Kigezo kikubwa zaidi kwangu ni mizunguko. Pistoni inapofika juu kabisa inasimama na kurudishwa kwa nguvu, na nguvu hiyo inabebwa na boliti mbili za konrodi. Tukichukulia uzito ule ule wa pistoni, mkazo unaoupata kwenye 2.0 ikiwa 7,500 utaupata kwenye 2.2 ikiwa 7,200, na kwenye 2.3 ikiwa 6,930 hivi. Sasa jiulize unapoendesha saa ya mizunguko inafika wapi. Kama wewe ni mtu wa kubadilisha gia 6,500, 2.3 haikunyimi kitu. Kama unapenda kuisikia 4G63 ikiimba hadi 7,500, na wengi walionunua Evo wanapenda, 2.3 itakuvunja moyo, kwa sababu utamu unaisha mapema na ukilazimisha unakula beringi. 2.2 inakuachia karibu sauti yote uliyoizoea.

Kuna mtikisiko pia. Injini ya silinda nne zilizopangwa mstari ina mtetemo wa pili unaokuja mara mbili kwa kila mzunguko, na Mitsubishi iliweka shafti mbili za balansi ndani ya 4G63 kuuzima. Kwa pigo la 94 na konrodi ya 150, mtetemo huo unaongezeka kwa kama asilimia 14 kwenye mizunguko ile ile. Kwa 100 unaongezeka kwa karibu asilimia 29. Mafundi wengi huondoa shafti hizo wakati wa kujenga, kwa sababu mkanda wake mdogo ukikatika huingia kwenye mkanda wa taimingi na kuua valvu zote, na kwa sababu kranki ndefu inataka nafasi. Mimi pia huziondoa. Ila ujue kwamba ukiondoa shafti na kuweka 2.3, gari la kila siku litatetema usukani na kioo cha ndani kati ya 4,000 na 5,000. Kuna wanaolipenda hilo. Mkeo au mzazi wako akipanda hatalipenda. Na anayeziondoa lazima azungushe beringi zake ili matundu ya oili yazibwe. Akisahau, presha ya oili inavuja humo ndani na wewe utalaumu pampu.

Mgandamizo usiuache kwenye bahati. Kiwandani Evo VIII ni 8.8 kwa 1, maana yake chumba cha juu kina takriban cc 64 pistoni ikiwa juu. Ukiacha chumba hicho kama kilivyo na kurefusha pigo, 2.2 inapanda hadi karibu 9.4 na 2.3 inakaribia 10. Kwa petroli ya kituo cha kawaida na busti (shinikizo la hewa la turbo) ya kufikisha farasi 400, 10 ni kujitafutia milipuko ya mapema, na milipuko hiyo ndiyo inayovunja kingo za ringi. Kwa hiyo pistoni za seti lazima ziwe na bakuli kichwani linaloongeza kama cc 5 kwa 2.2, au karibu 10 kwa 2.3. Muulize muuzaji pistoni hizo zinatoa mgandamizo gani kwa pigo hilo, kwa hedi isiyochongwa na kwa gasketi ya unene upi. Akishindwa kujibu maswali hayo matatu, anauza maboksi tu.

Hapo ndipo narudi kwa yule wa kranki ya mtumba. Wazo lake lina msingi. Kranki ya 4G64 iliyotoka kwenye Mitsubishi L200 au Chariot Grandis ina pigo la 100, na wapo waliojenga 2.3 nzuri kwa njia hiyo. Shida ni kila kitu kinachofuata baada ya kuinunua. Kwanza hesabu matundu ya boliti za flaiwili, lile gurudumu zito mwishoni mwa kranki. Ya Evo ni saba, na kranki za kizazi cha zamani zina sita, nazo ni jamii nyingine. Kisha lazima ipimwe nyufa kwa sumaku na unga, inyooshwe ikibidi, meni na konrodi zake zipimwe kwa maikromita sehemu kadhaa, na ikishachongwa kuwa ya saizi ya chini utafute beringi za saizi hiyo zenye ubora wa mashindano, ambazo hazipatikani kila duka. Halafu bloku yako inahitaji kukatwa kidogo chini ya silinda ili vichwa vya boliti za konrodi vipite. Ukijumlisha haya yote, unafuu uliouona dukani umeyeyuka, na bado una chuma ambacho hujui kilipitia nini kabla hakijapakiwa kontena. Kranki mpya ya kufua ya 94 kutoka kwa watengenezaji kama Manley au seti ya Tomei au HKS inakuja na vipimo vyake, na ukiwa na karatasi hiyo fundi wako ana pa kuanzia.

Nikisema hayo, jina kwenye boksi si dhamana. Bidhaa bandia zenye majina makubwa zipo sokoni kwetu, hasa stadi za hedi (boliti ndefu zinazoifunga hedi kwenye bloku) na boliti za konrodi. Nunua kwa muuzaji anayeweza kuonyesha alikonunua yeye. Nunua pia seti ambayo kranki, konrodi, pistoni, pini na ringi zimetoka mkono mmoja, kwa sababu faida kubwa ya seti ni kwamba mtu amekwisha kuhesabu zile milimita 229 kwa niaba yako. Kati ya konrodi ya umbo la H na la I, kwa farasi 400 usikeshe ukiwaza. Zote zitakufikisha, mradi boliti ni za daraja zuri na zimefungwa kwa kupima zinavyorefuka, si kwa kubahatisha spana.

Sasa jambo ambalo hukuliuliza, na ndilo litakaloamua kama tutaonana tena mwaka kesho kwa maombolezo. Kwa nini injini ilinoki? Konrodi beringi ya 4G63 haizunguki bila sababu. Ama oili ilipungua, ama ilikuwa nyepesi au imechanganyika na petroli, ama sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, ilipigwa na jiwe ikakaribiana na mdomo wa kufyonza, ama presha ilianguka kwenye kona ndefu, ama milipuko ya mapema iliipiga beringi hadi ikachoka. Kabla ya kuagiza chochote, fungua sampu utazame umbo lake, pima pampu ya oili, na ziangalie beringi zote kwa mpangilio wa silinda zake. Beringi zikiwa zimeliwa upande wa juu tu, ule wa konrodi, ninashuku milipuko na tyuning. Zikiwa zimekauka pande zote na kubadilika rangi, ninashuku oili. Fundi aliyefungua injini akizitupa bila kukuonyesha, ametupa ushahidi.

Na usafi. Injini iliyonoki imesambaza vumbi la chuma kila mahali oili inapopita. Bloku itolewe plagi zote za njia za oili, isafishwe kwa brashi ndefu na presha hadi tambara jeupe litoke jeupe. Hedi ifunguliwe hivyo hivyo. Turbo ikaguliwe au ibadilishwe. Kipoza oili, ile rejeta ndogo iliyo mbele, usiisafishe, inunue mpya. Ndani yake kuna njia nyembamba zinazoshika vumbi ambalo hakuna petroli wala hewa itakayolitoa lote, na injini mpya ikipata moto linaachia. Nimezifungua injini mpya zilizokufa ndani ya wiki chache, kila kitu kipya kasoro rejeta hiyo. Watu wanalia kwa kranki ya maelfu iliyouawa na kifaa walichoona aibu kukiweka kwenye bajeti.

Kazi ya mashine ndiyo nusu ya injini, na kwa maoni yangu ni nusu iliyo muhimu zaidi. Usichonge silinda kabla pistoni hazijafika. Kila pistoni ipimwe, kisha silinda yake ichongwe na kuhoniwa (kusuguliwa kwa mawe laini) kulingana na nafasi iliyoandikwa na mtengenezaji wa pistoni. Pistoni za aloi ya 2618 hutanuka zaidi zikipata moto na zinataka nafasi kubwa kuliko za 4032, kwa hiyo yule anayesema "mimi huweka kipimo kimoja kwa zote" mwache. Omba bloku ihoniwe ikiwa imefungiwa bamba zito juu kwa torki ile ile ya stadi za hedi, maana stadi zikikazwa huivuta silinda isiwe duara kamili. Nairobi, upande wa Industrial Area, wapo wanaoweza kazi hiyo. Uliza kama wana bamba la 4G63 au wako tayari kulitengeneza.

Nafasi ya beringi za konrodi, kwa shingo ya kranki ya milimita 45, ninapenda ianzie milimita 0.045 hadi 0.05, na meni za milimita 57 zikae karibu na 0.055. Ipimwe kwa maikromita na geji ya ndani, kofia zikiwa zimekazwa, na plastigeji, ule uzi laini wa plastiki wa kupimia nafasi, itumike kuthibitisha tu. Kisha fundi akusanye chini kwa majaribio: kranki, konrodi moja moja, pistoni bila ringi, azungushe kwa mkono polepole. Kati ya boliti ya konrodi na ukuta wa bloku, na kati ya pistoni na kile kinyunyizio cha oili kilicho chini yake, nataka angalau milimita 1.5 kila mahali. Kama kinyunyizio kinagusa kinaweza kupindwa kidogo, lakini kipindwe na mtu anayejua oili inapaswa kulenga wapi chini ya pistoni. Kranki, flaiwili na klachi zifanyiwe balansi pamoja. Kazi hii haina haraka, na fundi anayekuahidi kukusanya injini nzima Ijumaa ili uende nayo Nairobi Jumamosi si fundi wa injini hii.

Nije kwenye giaboksi, iliyonifanya nichague 2.2 juu ya 2.3 kwa upande wako. Giaboksi ya gia sita ya Evo VIII inajulikana kuwa haistahimili torki kama ile ya gia tano, kwa sababu gia zake ni nyembamba zaidi. Na giaboksi haijui farasi, inajua torki. Farasi 400 zikija kwenye mizunguko 7,000 ni Nm 407 tu. Farasi zile zile zikija kwenye 6,000 ni Nm 475. Na 2.3 yenye turbo inayoamka mapema, ukiiachia busti yote kwenye 4,000, inaweza kupita hapo kwa urahisi bila hata wewe kufurahia, kwa sababu magurudumu na gia ndivyo vinavyolipa. Kama ungekuwa na gia tano na mguu mtulivu, ningekuambia chukua 2.3 na uiwekee kikomo cha 6,800. Kwa gia sita, 2.2 inakupa nyongeza ya kuhisika bila kuigeuza giaboksi kuwa kifaa cha kubadilisha kila mwaka. Mwambie mtyunaji apandishe busti taratibu kati ya 3,500 na 4,500 na aipunguze kwenye gia ya kwanza na ya pili. Na usiachie klachi ghafla ukiwa 5,000. Hakuna gia sita inayosamehe hilo.

Nozeli hazichaguliwi kwa ujazo wa injini, zinachaguliwa kwa farasi. Kwa 400 tafuta za cc 750 hivi kwa dakika, na pampu ya mafuta inayolingana nazo. Kompyuta ya injini lazima ityuniwe upya kabla ya kuendesha kwa busti, hata kama hukubadilisha turbo, kwa sababu kila mzunguko sasa unavuta hewa zaidi ya ile ambayo ramani ya kiwandani ilitarajia, na cheche ya zamani itakuwa imewahi mno. Tyuning ifanyike kwa petroli utakayoinunua Nakuru kila siku. Ikityuniwa kwa mafuta bora ya Nairobi kisha ukajaza chochote ulichokikuta Gilgil, umejidanganya mwenyewe.

Na lini ningefuata ushauri wa 2.0? Kama ukipiga hesabu ya seti, kazi ya mashine, rejeta mpya ya oili, turbo, nozeli na tyuning, ukaona pesa inaishia kwenye seti. Hapo nunua kranki nzuri ya 88, konrodi na pistoni za kufua, na pesa iliyobaki ipeleke kwenye usafi na tyuning. 2.0 iliyojengwa kwa vipimo inaishinda 2.3 iliyojengwa kwa haraka.

Injini ikishawaka, usiiache ikinguruma bila mzigo kwa saa nzima. Tumia oili ya kawaida ya madini, hakikisha presha iko, kisha ipeleke barabarani kwa mzigo wa wastani, ukipandisha na kuachia, ili ringi zikae. Mwaga oili hiyo baada ya kilomita 50, tena kwenye 500, tena kwenye 1,500, na kila mara ukate filta kwa kikata filta ukakunjue karatasi yake juani. Chembe chache za kijivu mwanzoni ni za kawaida. Ukiona vipande bapa vinavyong'aa kama fedha au rangi ya shaba, zima injini, usiiendeshe hata hadi gereji.

Kabla ya kulipa pesa yoyote, nitumie picha za beringi zote nane za konrodi zikiwa zimepangwa kwa namba za silinda, na kipimo cha silinda ya tatu juu, katikati na chini. Kama silinda hiyo imekwaruzwa kupita 85.5 itabidi twende 86, na pistoni za kuagiza zitakuwa tofauti.